Mamba Yupi? Mwongozo wa Majina ya Samaki na Wanyamapori kwa Wakazi wa Kiboko na Majirani Zao

Sema "mamba" mbele ya watu watatu kwenye steji ya Kiboko, na huenda kila mmoja akawaza mnyama wake. Mtu wa pwani atamwaza mnyama wa mtoni mwenye magamba magumu, yule anayevizia mbuzi wanapokunywa maji Mto Athi. Kijana aliyezoea Kiingereza cha shuleni atamwaza nyoka, kwa sababu Kiingereza kinamwita mamba nyoka yule ambaye Watanzania humwita koboko. Dereva wa lori kutoka Kampala atamwaza samaki, kwani mmamba kwa Kiganda ni kamongo, samaki anayepumua hewa, na ni jina la ukoo mmoja mkubwa wa Baganda. Wote watatu wako sawa. Ila anayepiga simu kuomba msaada akitaja neno hilo peke yake, hajamwambia mtu chochote.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida: mkulima, mfugaji, mama mwenye kibanda cha samaki, mhudumu wa afya wa jamii, mwalimu. Unaeleza jinsi ya kutaja mnyama ili anayesikia amjue ni yupi, hata kama amelelewa kwa lugha nyingine.

KWA NINI KIBOKO

Mji wetu uko kwenye barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, kabla ya kufika Makindu. Kikamba ndiyo lugha ya nyumbani. Wafugaji wa Kimaasai na wa Kisomali hupita na mifugo yao, wachuuzi huleta omena kutoka ziwani na papa mkavu kutoka pwani, na madereva wa nchi nne au tano hula chakula cha mchana hapa. Kuna pia kituo cha utafiti cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, ambako watafiti wa mashirika ya kimataifa ya CIMMYT na ICRISAT wamefanya kazi kwa miaka mingi, na watafiti wana majina yao ya Kilatini.

Hata mto unaopokea maji yetu una majina mengi. Maji ya Mto Kiboko huingia Athi, mto unaotenganisha Makueni na Kitui kwa sehemu ya mwendo wake. Ukiisha kuungana na Tsavo unaitwa Galana, na unapoingia baharini karibu na Malindi unaitwa Sabaki. Samaki aliyemo ndani yake habadiliki kwa sababu mto umebadilishwa jina, ila wavuvi wa huku na wa kule hawamwiti kwa jina moja.

Jina likikosewa, hasara huja kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya mwili: aliyeumwa na nyoka anachelewa kutibiwa kwa sababu watu wanabishana ni nyoka gani. Ya pili ni ya mfuko: unanunua vifaranga vya samaki usiowataka, au unanyunyizia mahindi dawa ya mdudu ambaye hayumo. Ya tatu ni ya sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ina orodha ya wanyama ambao madhara yao hulipiwa fidia, na si kila mnyama yumo. Ukiandika jina lisilo sahihi kwenye fomu, dai lako linaweza kukwama hata kama hasara ni ya kweli.

HATUA ZA KUMTAJA MNYAMA YEYOTE

Zifuate kwa mpangilio. Hatua ya kwanza ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo inayookoa muda.

1. Taja jina kama ulivyolisikia, kwa lugha yake. Kama mzee amesema mbiti, andika mbiti. Usimgeuzie kuwa fisi kabla hujaandika. Kama amesema nzou au munyambu, andika hivyo hivyo. Tafsiri hufuata baadaye, na mwenye kutafsiri awe mtu anayezijua lugha zote mbili.

2. Andika ni lugha gani na ni ya wapi. "Kambare, Kiswahili cha Tanzania" ni habari kamili kuliko "kambare".

3. Taja mahali na saa: kijiji, kando ya mto au kichakani, usiku au mchana. Wanyama wengi wanaofanana hutengana kwa makazi na kwa saa za kutembea.

4. Eleza alama tatu za mwili ambazo haziwezi kubishaniwa: ukubwa ukilinganishwa na mnyama wa nyumbani, mkia, na madoa au mistari. Rangi iwe ya mwisho. Rangi hudanganya sana jioni, na wanyama wengi hubadilika rangi kwa umri.

5. Piga picha ukiwa mbali na salama. Picha ya unyayo uliowekewa kiberiti au sarafu kando yake ni bora kuliko picha ya mnyama anayekimbia.

6. Mwisho, tafuta jina la kisayansi kwa msaada wa mtu wa KWS (Huduma ya Wanyamapori ya Kenya), afisa wa kilimo au wa uvuvi, au mtafiti wa kituoni. Jina hilo lina maneno mawili, la kwanza ni la jamii na la pili ni la aina yenyewe, na ni lile lile Kiboko, Kigoma na Tokyo.

Onyo: jina la kisayansi halifuti jina la mzee. Yaandike yote mawili. Jina la kienyeji mara nyingi hubeba ujuzi wa tabia ya mnyama ambao kitabu hakina.

NYOKA: HAPA USIKISIE

Nimeiweka sehemu hii mbele kwa sababu ndiyo inayoua. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, na Ukambani, pamoja na joto lake, mawe yake na vichaka vyake, ni nchi ya nyoka.

Anza na majina yanayogongana.

Moma, bafe na kifutu ni nyoka mmoja, Bitis arietans. Ni mnene, mfupi kwa unene wake, mvivu kutembea, na ana alama kama herufi V zilizopangwa mgongoni. Hafuati mtu. Hulala njiani akakanyagwa. Msikilizaji wa Tanzania atalijua jina la kifutu, wa pwani ya Kenya atalijua bafe au moma, na mtu wa Kiboko anaweza asijue lolote kati ya hayo.

Koboko ni nyoka mrefu, mwembamba na mwepesi, Dendroaspis polylepis. Wengi humtafuta nyoka mweusi, nao hukosea: mwili wake ni wa kijivu au kahawia iliyofifia, na kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake. Ukitaja jina hilo kwa simu mbovu, "koboko" na "kiboko" husikika karibu sawa, kwa hiyo ongeza neno: nyoka koboko. Usimwite mamba mweusi ukizungumza Kiswahili, maana utamtuma askari wa wanyamapori mtoni.

Swila na fira ni majina ya nyoka anayetanua shingo. Hapa kwetu wapo wanaotema sumu machoni. Mmoja ni mwekundu au rangi ya machungwa mwenye utepe mweusi shingoni, Naja pallida. Mwingine ni mkubwa, wa kahawia, Naja ashei, na huyu ni somo zuri kwa kila anayedhani wanasayansi hawachanganyikiwi: mpaka mwaka 2007 alihesabiwa kuwa sura nyingine tu ya swila mwenye shingo nyeusi. Mwaka huo ndipo alipopewa jina lake, kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu.

Sasa la muhimu kuliko majina yote. Daktari hahitaji umlete nyoka, na wala hategemei jina pekee. Hutazama kile ambacho sumu inafanya mwilini. Uvimbe na maumivu makali yanayopanda haraka huelekeza kwa moma au swila atemaye. Kope kulegea, kushindwa kumeza na kupumua kwa shida huelekeza kwa koboko na wenzake. Ufizi kutoka damu huelekeza kwa nyoka wa mitini mwenye sumu ya kuzuia damu isigande, na hospitali inaweza kupima hilo kwa kuacha damu kidogo ndani ya chupa safi ya kioo kwa dakika 20 na kutazama kama imeganda.

Kisanduku: mtu ameumwa na nyoka

1. Mwondoe mtu karibu na nyoka. Usimfukuze nyoka wala usimuue. Wengi huumwa wakati huo.
2. Mlaze, mtulize, mfunge gango kwenye mguu au mkono usicheze.
3. Mvue pete, bangili, saa na viatu kabla ya kuvimba.
4. Angalia saa. Iandike hata mkononi mwake kwa kalamu.
5. Mpeleke hospitali mara moja. Kwa bodaboda, akae katikati kati ya dereva na mtu wa kumshika.
6. Njiani, tazama kope, midomo na pumzi, na kumbuka kilichotangulia.
7. Ukifika sema: saa ya kuumwa, mahali pa mwili, dalili kwa mpangilio, halafu sura ya nyoka. Jina liwe la mwisho, na useme ni jina la lugha gani.

Usifanye haya: usifunge kamba kukaza, usichanje kwa wembe, usinyonye, usitegemee jiwe la nyoka, usimpe pombe. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi, tena na tena, kisha nenda hospitali. Usikamulie utomvu wa mmea wowote ndani ya jicho.

Kabla ya msimu wa mvua, ulizia ni hospitali gani ya karibu iliyo na dawa ya sumu ya nyoka kwa wakati huo. Hilo ni swali la kuuliza ukiwa mzima.

MIFUGO IMELIWA: NI NANI?

Watu wengi huita chui kila mnyama mwenye madoa. Wanyama wenye madoa na vitendo tofauti ni wanne au zaidi, na ukimtaja asiyefaa, utaziba tundu lisilo lake.

Chui ni mnene, ana madoa yaliyojipanga mithili ya maua yenye moyo mtupu, na hubeba mawindo hadi juu ya mti. Unyayo wake hauonyeshi kucha. Duma ni mrefu wa miguu, ana madoa meusi yaliyojaa, na mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni. Huwinda mchana na hula pale pale chini. Kucha zake huonekana kwenye unyayo. Mondo ni mdogo kuliko wote hao, masikio makubwa na mkia mfupi, naye hula panya, ndege na kuku. Mbuzi mkubwa hamwezi. Kanu ni mdogo zaidi, mkia mrefu wenye pete. Simbamangu hana madoa kabisa, ni mwekundu, na masikio yake yana vishungi vyeusi.

Fisi, yaani mbiti, huanza tumboni au nyuma, huponda mifupa, na asubuhi hubaki kidogo. Unyayo wake una kucha. Lakini "fisi maji" si fisi. Ni mnyama mrefu wa manyoya laini anayeishi mtoni na kula kaa, samaki na vyura. Mtoto akikuambia amemwona fisi maji, hakuna sababu ya kuhamisha zizi.

Na kuna mbwa mwitu. Kwa sababu Biblia ya Kiswahili hutumia jina hilo kwa mnyama wa nchi za baridi, watoto wetu wengi wanalo akilini jina la mnyama ambaye hayupo Ukambani. Mbwa mwitu wetu ana masikio makubwa ya mviringo na mwili wa mabaka meusi, meupe na ya manjano, na ni katika wanyama walio hatarini kutoweka barani Afrika. Bweha, mdogo na mwenye mgongo mweusi, huitwa mbwa mwitu na wengi. Bweha huua wanakondoo na wanambuzi. Ukiripoti bweha kwa jina la mbwa mwitu, utaleta msako mkubwa kwa ajili ya mwizi mdogo, na ukiripoti mbwa mwitu kwa jina la bweha, hakuna atakayekuja.

Hatua unapokuta mfugo umeuawa:

1. Usiguse mzoga wala usiusogeze. Funika nyayo kwa karai au beseni mvua isizifute.
2. Piga picha ya mzoga wote, ya shingo, ya tumbo, na ya nyayo yenye kipimo kando yake.
3. Tazama: koromeo limeumwa? Mifupa imevunjwa? Umeburutwa kwenda wapi?
4. Mwite msaidizi wa chifu na mashahidi, kisha KWS. Fanya hivyo siku hiyo hiyo.
5. Kwenye fomu andika jina la Kikamba, la Kiswahili, na ushahidi ulioona. Kama hukumwona mnyama, sema hukumwona.

Madai hupitia kamati ya kaunti ya wanyamapori na fidia. Kwa kifo cha mtu, sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5. Kwa ulemavu wa kudumu, milioni 3. Kwa fedha za namna hiyo kamati itauliza maswali, na ni haki yake kuuliza. Kwa hiyo uwe na majibu.

Onyo kali: usitie sumu kwenye mzoga. Sumu haimchagui fisi peke yake. Tai wala mizoga hufa kundi zima, na jina lenyewe hutuponza, maana tunaita "tai" ndege wawili tofauti: yule anayewinda, na yule wa shingo tupu anayesafisha mizoga, ambaye pia huitwa tumbusi. Tumbusi haibi kifaranga. Wala mwewe asiwe jina la kila ndege mwenye mdomo uliopinda.

SAMAKI: SOKONI NA BWAWANI

Akina mama wanaouza samaki barabarani hushughulika na majina haya kila siku, na wanayajua vizuri kuliko waandishi. Mnunuzi ndiye anayepotea.

Omena wa Kenya, dagaa wa Mwanza na mukene wa Uganda ni samaki mmoja wa Ziwa Viktoria, Rastrineobola argentea. Jina la Kenya limetoka Kijaluo. Lakini "dagaa" peke yake haitoshi. Dagaa wa Kigoma wametoka Ziwa Tanganyika na ni aina nyingine kabisa, Stolothrissa tanganicae na mwenzake Limnothrissa miodon, na dagaa wa pwani ni samaki wadogo wa baharini. Bei, ladha na muda wa kukaa ghalani vyote hutofautiana. Ukiagiza gunia kwa simu, taja ziwa.

Mbuta, sangara na mputa ni Lates niloticus, aliyeingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Hapa hakuna fumbo, ni nchi tatu na majina matatu.

Fumbo liko kwa ngege. Ngege wa asili ni Oreochromis esculentus, samaki wa ziwa hilo tangu zamani, ambaye aliadimika baada ya mbuta na samaki wengine kuletwa. Leo, anayekuuzia "ngege" au "tilapia" mara nyingi anakuuzia sato, Oreochromis niloticus, naye pia aliletwa ziwani. Mtanzania anaweza kumwita perege. Kwa mezani, hilo halidhuru mtu. Kwa bwawani, linadhuru.

Tangu mpango wa serikali wa kuchimba mabwawa ya samaki uanze mwaka 2009, wakulima wengi wa maeneo makavu wana bwawa au wamefikiria kuwa nalo. Anayetaka vifaranga aseme Oreochromis niloticus na aandikiwe hivyo kwenye risiti. Asikubali "tilapia" peke yake. Zaidi ya hayo, Athi ina samaki wake wa jamii hiyo hiyo, Oreochromis spilurus, ambaye ni wa mito yetu. Sato akitoroka bwawa na kuingia mtoni huzaana naye, na kizazi hicho cha mchanganyiko hakiwezi kutenganishwa tena. Weka wavu kwenye mdomo wa kutolea maji. Usimwage vifaranga vilivyobaki mtoni kwa huruma.

Mumi wa Kijaluo na kambare wa Kiswahili ni mmoja, Clarias gariepinus, mwenye ndevu. Kamongo naye, ambaye mgeni humchanganya na kambare, hana ndevu. Mapezi yake ni kama kamba nyembamba.

Mkunga nitakaa naye kidogo, kwa sababu watu humuua bila sababu. Ni samaki mrefu kama nyoka. Yule wa mtoni huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mto akiwa mdogo, huishi miaka mingi kwenye maji baridi, kisha hurudi baharini kuzaa. Mtu akimwona kwenye kidimbwi wakati mto umekauka, humwita nyoka wa maji na kumpiga mawe. Tazama pezi refu lililozunguka kutoka mgongoni hadi tumboni kupitia mkiani, na mapezi mawili madogo nyuma ya kichwa. Nyoka hana pezi. Pwani, jina hilo hilo la mkunga hutumika kwa samaki wa miambani mwenye meno makali, ambaye hapandi mto kamwe.

Na kama wewe ni Mkikuyu unayeishi Kiboko, usishtuke ukiambiwa na mtu wa Mombasa kwamba amekula nguru. Kwako ni kobe. Kwake ni samaki mkubwa wa kukaanga.

SHAMBANI

"Viwavi jeshi" ni jina la wadudu wawili. Yule wa zamani, Spodoptera exempta, hutokea baada ya mvua, hutembea kwa makundi na hula nyasi na nafaka kwa siku chache kisha hupotea. Yule mpya, Spodoptera frugiperda, alitoka Amerika, akagunduliwa Afrika mwaka 2016 na kufika Kenya mwaka 2017. Huyu hujificha ndani ya moyo wa mhindi na kuacha uchafu kama unga wa mbao. Mtoe, mtazame kichwani: ana alama nyeupe kama herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba.

Kumtofautisha ni lazima, maana huyu wa pili hafikiwi na dawa iliyonyunyiziwa juu ya majani makubwa. Pita shambani kwa njia ya herufi W, kagua mimea kadhaa kila kona, uhesabu iliyoliwa kabla ya kununua dawa yoyote. Kituo chetu cha Kiboko kina sifa hapa: ndiko mbegu za mahindi zilipopimwa kwa viwavi hao, na mwishoni mwa mwaka 2020 CIMMYT ilitangaza mbegu chotara tatu zinazowastahimili. Muulize afisa wa kilimo wa wadi kama zinapatikana madukani, na uzitaje pamoja na jina la mdudu.

Nzige na panzi: mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 nzige wa jangwani waliingia Kenya na kufika hadi Kitui. Tangu hapo kila kundi la panzi huripotiwa kuwa nzige. Nzige wa kuhofia huruka kwa kundi kubwa mchana, wakiwa wa waridi au wa manjano. Panzi wachache wa kijani kwenye ndengu si uvamizi. (Ukizungumza na mnunuzi wa Dar es Salaam, kumbuka ndengu yako kwake ni choroko, na dengu yake ni kitu kingine. Mazao yana ugomvi huu huu wa majina.)

Kwelea kwelea ni ndege wadogo wanaoshuka kwa maelfu kwenye mtama na wimbi. Dume msimu wa kuzaa ana mdomo mwekundu. Usiwaite "ndege" tu kwenye ripoti. Waandike kwa jina na ukadirie kundi.

Nyani, tumbili, kima na ngedere hatutawatenganisha kwa kirefu. Wa mahindi yako kwa kawaida ni nyani, mkubwa na mwenye pua ndefu kama mbwa, au tumbili, mdogo mwenye uso mweusi. Watanzania wengi humwita tumbili huyo ngedere.

Nungunungu ana miiba mirefu ya rangi mbili na hula mihogo na maboga. Kalunguyeye ni mdogo wa kuenea kiganjani, hula wadudu, mwache. Kakakuona ana magamba badala ya miiba, hula sisimizi na mchwa, na biashara ya kimataifa ya aina zote za kakakuona ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 2016. Akiitwa "nungunungu wa magamba" na mtu anayetaka kumuuza, usikubali jina hilo wala mzigo huo.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

- Kutafsiri jina la Kiingereza neno kwa neno.
- Kumtumia mtoto kama shahidi kisha kumsahihisha mpaka aseme unachotaka. Mwache achore.
- Kudhani jina moja la Kikamba ni lile lile Kitui na Makueni. Uliza kila upande.
- Kuamini picha iliyozunguka kwenye simu bila kujua ilipigwa wapi.
- Kutaja "paa" au "swala" kana kwamba ni mnyama mmoja. Digidigi, swala pala, swala twiga na tandala mdogo ni wanne tofauti, na kuwinda yeyote kati yao ni kosa.

ORODHA YA KIJIJI

Kazi hii ifanywe na shule, kikundi cha wanawake au chama cha watumiaji wa maji, maana mtu mmoja hawezi.

1. Waalike wazee watano au sita, wanaume na wanawake, kutoka pande mbalimbali, pamoja na mchungaji mmoja kijana na muuza samaki mmoja.
2. Waonyesheni picha, si majina. Mkiuliza "mbiti ni nani?" mtapata tafsiri; mkionyesha picha mkauliza "huyu mnamwitaje?" mtapata jina.
3. Andikeni kila jina lililotajwa, hata yakipingana. Msipige kura.
4. Ulizeni pia: hula nini, hutoka saa ngapi, alionekana mara ya mwisho lini.
5. Mwiteni mtu wa KWS au wa kituo cha KALRO aweke jina la kisayansi mbele ya kila picha.
6. Toeni nakala. Moja ikae zahanati, ukurasa wa nyoka ukiwa wa kwanza; moja kwa msaidizi wa chifu; moja kwenye duka la pembejeo, ukurasa wa wadudu ukiwa juu; moja shuleni, yenye nafasi tupu chini ya kila picha ili wanafunzi waongeze majina watakayoyaleta kutoka nyumbani.